Watoto Vitatu Mtumbwini

Ros Dubh, 11 Septemba 2000

Mdogo wangu Sorcha,

Za Dublin? Na kifua chako je, kimekuachia? Sisi tupo. Mama anakula vizuri, macho yake ni yale yale ya ukungu, na masikio yanasikia yanachotaka kusikia. Wifi yako Neansaí anakusalimu, Ríona ameingia darasani kwangu mwaka huu na ananiita Baba mbele ya watu. Mimi nimenenepa tena. Wanafunzi walinichora ubaoni, chaki ikaisha.

Umeuliza ninafundishaje hesabu siku hizi, maana kampuni yenu inatafuta mawazo ya vitabu vya mtaala mpya. Umekosea mlango, lakini kwa kuwa umebisha, nitakuchosha. Vitabu vilivyopo ni vya Kiingereza na watoto wetu wanasoma kwa Kiayalandi, kwa hiyo vifaa vyangu ninaviokota. Makumi na mamoja tunafundishana kwa konokono wa pwani na trei za mayai. Ukuta wa gati nimeuandika namba kwa chokaa. Watoto wanaruka mbele kujumlisha, wanarudi nyuma kutoa, na wavuvi wananiita Profesa, si kwa heshima.

Wanaoupenda kuliko yote ni mchezo wa Mtumbwi. Unapanga masanduku ya samaki sakafuni, huo ni mtumbwi unaokwenda kisiwani. Nahodha anaita: wanapanda watoto watatu na viazi vitano, anashuka mtoto mmoja, viazi viwili vinaanguka majini. Darasa linapiga hesabu ya waliobaki na vilivyobaki. Mtoto anajifunza kutoa na kujumlisha, na papo hapo anajifunza kwamba kwetu mtu hahesabiwi kama kiazi. Watu wana namba zao. Lakini nusu ya watoto wangu wakifika nyumbani wanasikia Kiingereza tu, yaya wao ni televisheni. Wasipozipata namba za watu mtumbwini, hawatazipata popote. Hilo ndilo linaloniuma katika kazi hii. Mengine ni kelele tu.

Chukua lolote utakalo. Ila Kiayalandi chake niachie mimi nikiandike.

Kaka yako,
Beairtle

Dublin, 2 Oktoba 2000

Kaka yangu,

Pole kwa unene, hongera kwa picha. Kifua kimepona, kazi ndiyo haiponi. Mbusu Mama, umwambie ninakuja Pasaka.

Barua yako niliisoma mkutanoni, nikiitafsiri. Kwenye Profesa walicheka. Kwenye Mtumbwi walinyamaza, na hawa watu wakinyamaza ujue wamependa. Litakuwa sanduku zima: kadi, ubao wa kuchezea, kitabu cha mwalimu. Kwanza litatoka la Kiingereza, maana huko ndiko shule nyingi ziliko, kisha la Kiayalandi. Nimewaambia yupo mtu mmoja tu wa kuliandika hilo, ana tumbo kubwa na mwandiko mbaya. Hakuna atakayeligusa kabla yako. Nakuahidi.

Mdogo wako,
Sorcha

Ros Dubh, 26 Februari 2001

Mdogo wangu Sorcha,

Natumaini u mzima na baridi haijakuonea. Huku imetuonea sote, isipokuwa Mama, ambaye anasema hii si baridi, ya zamani ndiyo ilikuwa baridi.

Sanduku la Kiingereza nimeliona kwa mwalimu mwenzangu wa mjini Galway. Limependeza. Nyuma kabisa wamewashukuru "walimu wa magharibi mwa nchi". Niliazima miwani ya pili nikajiona humo. Sasa nasubiri zamu yangu. Nimechonga penseli mara nyingi kiasi kwamba kimebaki kifutio. Nidokeze tu lini.

Kaka yako,
Beairtle

Ros Dubh, 3 Septemba 2001

Sorcha,

Pasaka ilipita bila jibu. Kiangazi kikapita. Leo tumefungua shule na limefika sanduku la Kiayalandi, limeshachapwa.

Nililifungua kabla watoto hawajaingia. Picha nzuri, watoto wote wana mashavu mekundu kama wa matangazo ya siagi. Nikachukua kadi ya juu: "Watoto vitatu wamepanda mtumbwini. Vinne vinangoja gatini." Nikafuta miwani. Nikachukua ya pili, ya tatu, nikamaliza pakiti nzima. Mtu ameketi na kamusi, akachukua Kiingereza mlichokitoa katika Kiayalandi changu, akakirudisha neno kwa neno. Humo ndani hakuna mtu hata mmoja, Sorcha. Ni viazi vitupu, vingine vina nywele.

Jioni Ríona akamsomea Mama kadi moja, kwa kujidai kama kawaida yake. Mama akaacha kufuma. Akauliza, "Hao watoto walizama lini?" Hakuwa anatania; kwake mtu akihesabiwa kama kitu ni maiti. Alifanya na ishara ya msalaba.

Pengine ulikuwa likizo. Pengine uliumwa. Nakuuliza kama ninavyowauliza wa darasa dogo, jibu ni ndiyo au hapana: uliziona kadi hizi kabla hazijachapwa?

Kaka yako,
Beairtle

Dublin, 20 Oktoba 2001

Kaka Beairtle,

Salamu kwanza, maana barua yako haikuwa nazo. Mimi ni mzima. Natumaini nanyi pia.

Ndiyo, niliziona.

Zilifika mezani kwangu Ijumaa, na mtambo ulikuwa unaanza kuchapa Jumatatu. Mfasiri ni kijana wa hapa mjini, lugha ameisoma darasani. Nilipofika kwenye "watoto vitatu" niliisikia sauti ya Mama kabisa, usidhani sikuisikia. Nikamwendea mkubwa wangu. Akasema shule nyingi zitakazonunua zina watoto wasiosikia Kiayalandi nyumbani kwao, namba za aina moja zitawarahisishia. Halafu akauliza, nani atagundua? Nikasema, kaka yangu. Wakacheka wote chumbani, nami nikacheka nao. Kisha nikatia sahihi.

Kuhusu kukupa wewe uandike: ungechukua mwaka mzima, na unajijua.

Likichapwa tena tutarekebisha. Kwa sasa wewe si mwalimu? Warekebishe kwa mdomo. Ni kadi tu, Beairtle, na ni hesabu.

Krismasi nataka mje wote kwangu, nyumba hii mpya ina nafasi. Niambie mtakuja wangapi niagize bata mzinga mapema.

Mdogo wako anayekupenda,
Sorcha

Ros Dubh, 9 Desemba 2001

Sorcha,

Barua yako tuliipata. Mama hajambo, hatukumsomea.

Nilifanya kama ulivyosema, na zaidi. Nilikata vikaratasi, nikabandika namba za watu juu ya kila kadi. Neansaí alishika gundi. Nyingi iliishia kwenye sweta langu. Mwezi uliopita akaja mkaguzi. Mtu mpole, alimaliza mkate wangu wa magadi akaomba na siagi. Akachukua kadi, akabandua karatasi kwa ukucha, akasoma kilichokuwa chini yake. Akasema Kiayalandi changu ni kizuri mno, lakini ni vema watoto wazoee kile watakachokikuta kwenye majaribio. Alipoondoka nikabandua zote.

Juzi wakati wa mapumziko walikuwa wanacheza Mtumbwi uwanjani, wenyewe, bila kuambiwa. Mwaka jana ningetembea kifua mbele wiki nzima. Nahodha alikuwa Ríona. Akapaza sauti: "Vinne tu, mtumbwi umejaa." Wakarudi nyuma waliobaki, hakuna aliyecheka.

Nikamwita pembeni, nikamuuliza nyumbani kwetu tuko wangapi. Akasema, "Wanne, Baba." Nikamuuliza kwa nini basi anawahesabu wenzake kama viazi. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mzee kutumia rimoti.

"Wanne ni ya Bibi," akasema. "Shuleni ni vinne."

Unaona, zote mbili anazijua. Ana akili sana yule mtoto. Ameshapanga na ipi itakwenda kaburini na bibi yake.

Umeuliza Krismasi tutakuja wangapi. Usituhesabu.

Beairtle