Sista Dorkas, Uliyewaita Wanawake kwa Bilum Zao

“Sasa nani atatuita?”

Mwaka umetimia, Mama, tangu Geyam aulize swali hilo kando ya jeneza lako, mtoto wake uliyempokea kwa mikono yako akiwa amelala mgongoni. Alimwuliza binti yako Sawanga, aliyekuwa amefika kutoka chuoni Port Moresby na vumbi la safari bado usoni. Sawanga alikuwa katika mwaka wa tatu wa uuguzi, kichwa kimejaa mihadhara ya haki za wanawake na afya ya uzazi, lakini hakuna hata mmoja uliofundisha jibu la swali la Geyam.

Jumamosi iliyopita tulimaliza matanga yako. Tulioka nguruwe na magimbi kwa kuvifukia chini ya mawe ya moto, tukavua nguo nyeusi. Sasa tunaweza kuzungumza nawe.

Tunakumbuka ulivyofika huku milimani, bibi harusi muuguzi, aliyezaliwa na kukulia mjini Lae, ambako jina la baba mkwe hutajwa kama jina la mtu mwingine yeyote. Siku ya kwanza ulikaa mlangoni pa zahanati na kadi mkononi, ukaita: “Bofeng!” Kimya. “Bofeng! Hakuna Bofeng hapa?” Wanawake waliinamisha macho. Ulimwita wa pili, wa tatu, wa nne. Jioni benchi likawa tupu. Walikuwa wamerudi makwao na mimba zao, kila mmoja akikiwazia kile kibanda cha porini ambamo mama zetu walijifungua peke yao.

Mavyaa yako, Bibi Tabita, alikukuta umeshika tama.

“Mwanangu, leo ulikuwa unawaita wanawake au unawafukuza?”

“Nawaita, Mama. Hawaitiki!”

Bibi alicheka mpaka akaketi chini. “Wataitikaje? Kadini wameandikwa kwa jina la pili la mume, nalo ni la baba mkwe! Huku mke halitaji jina hilo, wala haliitikii. Angeitika mmoja, mumewe angenuna mpaka Krismasi.”

“Basi niwaiteje?”

“Hilo mimi sijui. Sista ni wewe.”

Kesho yake ulisimama tena mlangoni, mikono mitupu. Ukaitazama ile mifuko ya kusukwa, bilum, iliyoning’inia kutoka vichwani mwao. Kila mwanamke hujisukia yake kwa michoro yake, na hakuna mbili zinazofanana. “Bilum ya milima myekundu!” ukaita. “Karibu ndani.” Mwenye bilum hiyo akainuka huku amefunika mdomo kwa kicheko, na benchi zima likacheka naye. Tangu siku hiyo hakuna aliyerudi nyumbani bila kuonwa.

Hukujua siku ile, Mama, umefungua mlango mpana kiasi gani. Pasipotajwa jina, umbea hukosa pa kushika. Wasichana ambao hawajaolewa, waliokuwa wakiogopa macho ya kanisa zima, wakaanza kuja. Mmoja aliazima bilum ya nyanya yake ili asitambuliwe. Ulipomwona, hukupepesa jicho. “Bibi, karibu,” ulimwambia, “miguu yako bado ina nguvu kwa umri wako!” Aliingia akicheka, akatoka na kijiti cha kupanga uzazi mkononi mwake, chini ya ngozi. Leo yuko chuo cha ualimu. Na dada yetu kiziwi, ambaye watu walisema hana haja ya zahanati kwa kuwa hana wa kumwoa, ulimwita kwa kuielekezea bilum yake kidole na tabasamu, akaingia kwa zamu yake kama wengine.

Wanaume hawakukuacha kwa amani. Shemeji yako Gedisa alikusimamisha njiani kuelekea kisimani.

“Shemeji, unawafundisha wake zetu kutozaa. Uzeeni tutalishwa na nani, hivyo vijiti vyako?”

“Shemeji, mkeo Yakosi ana watoto sita na mgongo mmoja. Ukimtaka wa saba, mbebe wewe miezi tisa, mimi nitakupima kila mwezi.”

Hata yeye alicheka. Na wa saba hakuja.

Tunakukumbuka kwa kandambili zako, moja nyekundu na moja ya buluu, na hukuona sababu ya kununua jozi nyingine wakati zote mbili zilikuwa nzima. Kwa chai yako ya mchaichai. Kwa nyimbo za kanisa ulizokosea maneno kwa ujasiri. Kwa jinsi ulivyonawa mikono kabla ya kumshika mtu na baada ya kumshika, na katikati ukamsikiliza.

Figo zilipokushinda, zahanati ilifungwa. Ofisi ya afya ilituambia wazi: muuguzi atapatikana, lakini ni mgeni, wanahitaji chumba kikavu chenye kufuli, na mtu wa hapa ambaye wanawake watakubali kupokewa naye. Chumba ni kile chako ulimotibia, kwenye uwanja wa ukoo. Ila msimu wa kahawa ulikaribia, na Gedisa alikuwa amekwisha kukizunguka mara kadhaa. “Hakina unyevu, kina dirisha,” alisema. “Kahawa itakaa humu kama mgeni wa heshima.” Wakati huohuo hospitali moja ya mjini ilimwahidi Sawanga kazi atakapohitimu. Geyam ana mimba tena. Alikuwa ameanza kuulizia njia ya kwenda kile kibanda cha porini.

Asubuhi ya matanga, Sawanga alimfuata Yakosi, mke wa Gedisa, aliyekuwa akimenya magimbi.

“Mama mdogo, ungeweza kuwapokea wanawake pale kwa Mama?”

“Mimi? Darasa la nne sikulimaliza.”

“Kutibu ni kazi ya muuguzi. Wewe utawaita, utakaa nao, utamweleza mgeni mila zetu.”

Yakosi alikata gimbi vipande viwili. “Nitaweza. Lakini baba yako mdogo?”

“Huyo niachie mimi.”

Mawe yalipofukuliwa na watu wakashika nyama, Gedisa alisimama kuzungumzia magunia yake ya kahawa. Sawanga akasimama pia. Minong’ono ikapita: msichana, mbele ya wazee, na habari za uzazi! Mumeo aliweka chini jani lake la chakula.

“Mwacheni mtoto aseme. Ni uwanja wangu pia.”

“Na magunia yangu je?” Gedisa akauliza.

“Baba mdogo,” Sawanga alijibu kwa adabu, “magunia hayana mimba.”

Yakosi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote wakacheka, Gedisa akiwa wa mwisho, naye akakaa.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mama, siku zote tutakazoishi: mumeo Honeo, binti yako Sawanga, mavyaa yako Bibi Tabita, shemeji yako Gedisa na mkewe Yakosi, pamoja na watoto wao sita, ndugu zako wa Lae, na wanawake wote uliowapokea. Maneno aliyoyasema Sawanga mbele yetu tunayaandika hapa, ili yawafikie na wale wa vijiji vya juu:

“Chumba cha Mama hakitawekwa kahawa. Nimeongea na ofisi ya afya: muuguzi anakuja Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, na mama mdogo Yakosi atakuwa mlangoni. Huduma ni ya kila mwanamke na kila msichana, aliyeolewa na asiyeolewa. Kazi ya mjini nimeikataa. Nikihitimu, nitafanya kazi hapa.”