Ile Hadi Diski Uliyompa Ussene

Mikindani,
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Lucinda,

Nakusalimu wewe na wote mnaolala chini ya paa moja huko Pemba yenu, ng'ambo ya Ruvuma. Goti linaendeleaje? Ussene amesema sasa unatembea bila fimbo, lakini Ussene hupenda kuwafurahisha wenyeji wake, ndiyo maana nauliza tena. Sisi tu wazima. Mikorosho imetoa maua vizuri, na wifi yako Marlene bado ananilaumu kwamba nasoma mpaka uji unapoa.

Hadi diski imefika. Nimechelewa kukujulisha kwa sababu kwa muda sikuwa na hakika kilichofika ni nini.

Ussene aliifungua kutoka ndani ya kitenge akasema kwamba humu mna sauti ya mama, aliyorekodi mtafiti mmoja zamani, na kwamba umesema nimpe wifi yako. Nikacheka. Nilidhani amechanganya maneno kama anavyochanganya bei za vitenge vyake. Sauti ya mama yangu apewe mke wangu, na mimi nipo? Nikaichukua nikaiweka mezani kwangu. Unajua nilivuka mto nikiwa mtoto aliyetoka jandoni juzijuzi tu, na mama sikumwona tena. Uso wake ninao. Sauti ilishanitoka. Hujui ilivyo, kumwota mama anayetikisa midomo tu.

Kompyuta aliyoniletea mwanangu Ivo haitumii Windows kama za watu wengi, inatumia Linux. Nilipochomeka waya, taa iliwaka, kitu kikanguruma kidogo, kikanyamaza. Kwenye skrini hakikutokea chochote. Nikapanda bajaji mpaka Mtwara mjini. Fundi wa huko akaichomeka kwenye kompyuta yake ya Windows, akatangaza kwamba ni tupu, mzee, tuifomati uwekee muziki. Kuifomati ni kuifuta. Nikamwuliza, ufunguo wake ukigoma mlangoni kwa jirani, huwa anasema jirani hana vyombo? Akacheka, akasema mzee una maneno, ila mkono wake haukuondoka kwenye diski mpaka nilipoichomoa mwenyewe.

Kuanzia hapo sikumwamini mtu. Nilimshuku fundi kwamba anaitaka. Nilimshuku Ussene kwamba ameuza ya kwako njiani akaniletea nyingine. Uniwie radhi, hata wewe nilikushuku. Nilifikiri yaliyomo yalipotea siku mliyokimbia vita kule Palma, ukaona heri unitumie kasha kuliko kuniambia.

Mwishowe nikaenda na kompyuta yangu kwa Rukia, mama mwenye duka la steshenari hapa Mikindani, Mmakonde wa Newala. Naye anatumia Linux. Akaushika ule waya, akasema ni mwembamba, haupitishi umeme wa kutosha, hii itanguruma mpaka uzeeke zaidi, mwalimu. Akachomeka waya wake, mfupi na mnene. Diski ikanguruma bila kukata, na jina lake likatokea. Akanieleza kwamba bila shaka yule mtafiti aliyemrekodi mama naye alitumia Linux, ndiyo maana ile Windows ya mjini iliona utupu. Ndani palikuwa na folda moja yenye alama ya kufuli. Alisema si ubovu: mafaili yana mwenyewe aliyeyahifadhi, na mwingine hayafungui mpaka mwenye kompyuta aidhinishe kwa neno lake la siri. Akanigeuzia kibodi, akatazama barabarani wakati naandika.

Kufuli likaondoka. Rukia akavuta kompyuta upande wake, akasoma, akavaa hedifoni. Nikaona uso wake unabadilika. Akazivua haraka, akaandika kitu, na kufuli likarudi. Akasema kwa upole tuiache, nimwitie Mama Ivo. Nikamwuliza amesikia nini. Akasema kazi yake ni kompyuta. Nikamwuliza kama ameiharibu. Akasema iko salama kuliko mimi nilivyo.

Niliununua ule waya nikaondoka bila kuaga. Mwanamke anasikia sauti ya mama yangu, mimi sisikii, halafu anamtaka mke wangu. Kuna nini baina yao? Marlene sikumwambia neno. Alipokwenda shambani nikaichomeka mwenyewe, nikaandika kama nilivyomwona Rukia akiandika, nikaweka neno langu la siri, na folda ikafunguka.

Lucinda, hukuniambia kamwe kwamba mama alikuwa kungwi. Mtafiti ameandika wazi: nyimbo za unyago, na jina la mama kama mwimbishaji. Hapo nikamwelewa Rukia. Na nikaelewa kwamba Ussene hakuchanganya kitu. Diski haikuwa yangu.

Sasa nikwambie lile ambalo sikumwambia hata padri leo. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na nyumba ilikuwa tupu. Kilichonizuia ni wewe. Ulipokuwa mdogo ulinishika shati ukaniuliza ni nani aliyemo ndani ya kinyago cha mapiko, ile ngoma ya wanaume waliopita jandoni. Nikakujibu kwamba ni mzimu. Ukalia siku nzima, na siri ya jandoni sikukwambia. Mama aliniona, akanipa kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake. Nadhani yeye alijua siku zote aliyemo ni nani. Nikaondoa kidole.

Marlene aliporudi nilimkabidhi vyote, na jioni Rukia akaja. Wakajifungia, nikaenda kupalilia mikorosho isiyohitaji palizi. Nilipowarudia, Marlene alikuwa amelia. Rukia akanipa hedifoni. Alikuwa amenikatia kipande cha mwanzo, kabla ya wimbo. Mama anakohoa, anamwambia mtu kwa Kimakonde asogee, amemkalia nguo. Basi.

Ni yeye. Nimekisikiliza mpaka Marlene ananicheka. Jana nimemwota tena, na safari hii alikohoa.

Nisalimie majirani wote wanaokuchotea maji, na Ussene akipita mwambie nina deni la kumwomba radhi. Marlene anasema mna mazungumzo yenu, nisiulize. Siulizi. Nijibu moja tu: ni wewe uliyekuwa umemkalia nguo?

Kaka yako akupendaye,
Filipo