Swali Nililouliza Ukumbini

Jumatatu, 6 Machi 1995
Zamu ya bweni letu kuchota maji. Niliiacha ndoo njiani, nikakimbilia chooni. Mkojo unachoma kama pilipili. Usaha kwenye chupi. Oresta, anayelala kitanda cha juu yangu, kauliza naumwa nini. Nikasema tumbo. Najichukia.

Jumatano, 8 Machi
Muuguzi kaja chuoni kutufundisha magonjwa ya zinaa. Wasichana peke yetu. Alipotaja usaha, wenzangu wakacheka. Nikacheka kuliko wote. Akasema, "Haya, maswali." Walimu wa kesho, hakuna mwenye mdomo.

Ijumaa, 10 Machi
Sikwenda Njia ya Msalaba. Nilikwenda zahanati, kitenge kimenifunika hadi machoni. Muuguzi yule yule. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakunigombeza. "Ni kisonono, mwanangu. Kinatibika." Sindano. Vidonge. Ila mwenzangu naye lazima atibiwe, la sivyo ataniambukiza tena.

Jumapili, 12 Machi
Baada ya misa nilimwambia Kasto, kule kwenye mibuni ya baba yake. Mwanaume wangu wa kwanza, wa pekee. Kaniangalia kama mbwa mwenye upele.
"Mimi mzima. Hayo umetoka nayo huko kwenu ziwani."
Nikamwomba msamaha. Mimi! Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Jumatano, 15 Machi
Muuguzi karudi, tukakusanyika ukumbini. Maswali? Nikanyoosha mkono.
"Mtu akiwa na mwanaume mmoja tu, anaweza kuupata ugonjwa huu?"
"Anaweza, kama huyo mmoja anao. Wengine wanao na hawaoni dalili yoyote. Akikataa kutibiwa, usilale naye."
Nyuma mtu akanong'ona, "Mnyasa huyo wa ziwani, kajitaja." Masikio yakaniwaka. Nilitaka kutoka. Ndipo Oresta akasimama, akauliza habari za kondomu, kwa sauti kubwa, Mmatengo wa watu, kabila moja na Kasto. Halafu mwingine. Halafu wengi.
Wakati wa chakula meza yetu ilikuwa na watu wawili tu. Mimi na Oresta.

Jumatatu, 17 Aprili
Kihagara, nyumbani. Pasaka imepita. Nimepona. Kasto sijamtafuta.
Asubuhi tulianika usipa, mimi na mdogo wangu Judita. Vijana wameanza kumpigia miluzi. Mama alipokwenda shambani nikamweleza Judita yote. Ya muuguzi, na yangu. Nilishindwa kumtazama usoni.
Alinisogelea, tukaendelea kugeuza samaki mpaka jua likawa kali.