Sweta ya Kurudi Nayo

Jumatano, Arua. Mvua imenyesha tangu asubuhi na vidole vyangu ni baridi. Naogopa. Afadhali niliseme mapema.

Kesho naondoka na Bibi Kanta kwenda India. Ni mama mzazi wa bosi wangu, mwenye duka la vitambaa hapa mjini, na mimi ndiye ninayemtunza: namwogesha, namvalisha, nampa dawa. Anataka kuhiji kwenye hekalu la Wahindu lililoko juu milimani, karibu na theluji, la kale kiasi kwamba hakuna anayejua kwa hakika nani alilijenga. Gari huishia chini. Kutoka hapo mtu hupanda kwa miguu, kwa farasi, au hubebwa mgongoni mwa wapagazi.

Nilipokubali nilijiona shujaa. Maji nimekwisha kuyavulia nguo, ila sikuwaza kwamba ni ya barafu.

Jumamosi tulikwenda Koboko kujaribu miguu kwenye mlima Liru. Mama yangu alitoka kijijini kwetu Ludara kuja kutuona. Bibi alipanda kidogo tu, akakaa kwenye jiwe, midomo imebadilika rangi. Na jamani, Liru mbuzi hupanda bila kuhema! Mama akanivuta pembeni.

"Huyu mutu akikufa kule mikononi yako, utaambia kijana yake nini?"

Bosi ameniomba neno moja tu, tena kwa kunishika mikono yote miwili: nimrudishe mama yake.

Leo mchana nilikuwa napanga begi la Bibi. Nilikuwa nakunja sweta yake ya kijani, niliyoitenga aivae wakati wa kurudi, akanizuia.

"Toa. Nguo ya kurudi hapana weka."

Nikadhani anapunguza mzigo, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi nazaliwa hapa Arua," akasema, "lakini kufa nataka kule juu. Hapana ambia kijana yangu."

Nikakaa kitandani kwake, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Kumbe wiki zote hizi nilikuwa namwandaa mtu kwenda kufa.

Nikimwambia bosi, safari itavunjika leo hii na Bibi hatanisamehe. Nikinyamaza, huenda nikarudi peke yangu.

Kwa hofu ile nikakumbuka jambo alilonisimulia mwenyewe. Baridi kali ikikaribia, milango ya hekalu hufungwa, na sanamu ya mungu wao huteremshwa kwa ngoma hadi kijiji cha chini, ikae huko mpaka theluji iyeyuke.

"Bibi," nikamwambia, "hata Mungu yako anashuka baridi ikikuja. Wewe utabaki na nani?"

Alinitazama mpaka nikahisi nimemkosea adabu. Kisha akageukia dirisha, akasikiliza mvua.

"Weka hiyo ya kijani," akasema. "Lakini mimi hapana sema ndiyo."

Bosi sijamwambia. Naandika hapa mtandaoni kwa sababu humu hakuna anayetujua.

Na sweta sikuitia kwenye begi lake. Namjua Bibi, angemgawia maskini wa kwanza mlangoni mwa hekalu. Nimeitia kwenye langu, chini kabisa. Saa ya kuteremka ikifika nitaitoa nimvalishe, kama ninavyomvalisha kila asubuhi.

Je, atanyoosha mikono?