Mama, Hukumwogesha Mjukuu Wako

Mama yangu mpendwa,

Waasi walipoingia Oicha, kule Beni, ulitembea hadi Butembo na mimba yangu tumboni, sufuria moja kichwani, milio ya risasi nyuma. Ulinisimulia mara nyingi tukimenya mihogo nyumbani Bulengera, humo humo Butembo, na kila mara ulicheka ukifika pale ulipoketi kupumzika ukakalia siafu. "Ile siku ulinipiga mateke sawa askari," ulisema. Nilipenda kisa hicho kuliko vyote.

Kisha nikasoma, nikapata kazi ya kukusanya mate ya akina mama waliokimbia vita wakiwa wajawazito, na ya watoto wao, kwa ajili ya watafiti. Walitafuta alama ndogo zinazokaa juu ya jeni na kuongeza au kupunguza kazi yake, bila jeni yenyewe kubadilika, wajue kama vita huziacha kwa mama na mtoto. Matokeo ya kwanza yalipotoka nilikuja mbio kukuambia, kichwa kimenivimba kwa elimu: "Mama, vita iko mu damu. Bamama banaipatia batoto." Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Nilidhani nakuheshimu.

Mtoto alipozaliwa nilikungoja uje umwogeshe, kama bibi yeyote wa kwetu. Ulikuja, ukasimama mlangoni, mikono umeificha ndani ya kitenge.

"Hapana, miye siwezi mugusa. Weye nilikutia vita ukiwa ku tumbo. Sasa na ule mutoto nimutie?"

Nilikueleza, nikakasirika, hata nikakupigia kelele. Ukawa unaacha ndizi mlangoni na kuondoka. Miezi mitatu baadaye moyo wako ulisimama.

Sasa najua nilivyokosea, na inaniuma. Mate si ubongo; alama za humo hazisemi kilichomo kichwani. Alama hizo zaweza kubadilika, na hakuna anayeambukizwa kwa kuogeshwa. Tuliowapima walikuwa wachache, nao walipitia njaa, malaria na misiba. Nani ajue kipi kilifanya nini? Tena hatukuwa na wa kuwalinganisha nao. Beni nzima utampata wapi mama ambaye hakukimbia? Watafiti waliandika "huenda". Neno hilo nililiacha mimi.

Mjukuu wako anatembea. Humkimbilia kila mwanamke mzee anayepita njiani, nao humbeba. Ningekuambia tu "sijui", mama, ungembeba wewe kwanza.

Pumzika, na unisamehe ukiweza.

Binti yako