Dramu Ulizozifuta

Festo, rafiki yangu,

Nimerudi Soweto, mtaani kwangu hapa Mbeya. Ni ukungu tu, nimefunga mlango wa karakana, mageti ya watu yamelala chini hayajachomelewa. Nimekaa nikuandikie kwa sababu nimenuna, na wa kumnunia tumeshamzika.

Nilifika Iringa asubuhi ya mazishi. Ulipowadia wakati wa wasifu wa marehemu, binamu yako alisimama na karatasi uliyoiandika mwenyewe ukiwa umelazwa, maana hukumwamini mtu kwa tarehe zako. Alizaliwa. Akabatizwa. Akapata kipaimara. Akafanya kazi kiwanda cha karatasi Mgololo. Halafu hii: "Aliunda bendi ya hevi metali iitwayo Chuma Baridi, akarekodi albamu moja, vyombo vyote akipiga mwenyewe."

Vyombo vyote.

Mimi, mpiga dramu wako kwa miaka sita, nilikuwa chini ya turubai katikati ya kina mama wa jumuiya. Mama mmoja akanigusa bega: "Alikuwa na kipaji kweli, eh?" Nikasema, ndiyo mama, sana. Ningesema nini? Kwenye mashada niliitwa na kundi la "wageni waliotoka mbali." Nikaweka shada langu, nikarudi kwenye kiti cha plastiki.

Nilijipa moyo kwamba umekosea kuandika. Dawa zile zilikuwa kali. Ila kesho yake dada yako Upendo aliniita jikoni, akanipa spika za masikioni, akasema, "Kaka Ambokile, sikiliza kazi yenu. Alimaliza kabla hajazidiwa." Nyimbo nane. Sauti yako ile ile ya kunguruma iliyomfanya mama yako akuchemshie tangawizi kila siku akidhani una kifua. Gitaa lako. Na dramu safi kabisa, zimenyooka kama mstari wa rula, za kompyuta.

Mimi sipigi vile, Festo. Mimi nachelewa. Kila tukitoka kwenye kiitikio nachelewa kidogo, kama mtu anayesita mlangoni. Nilitaka kulirekebisha hilo, ukanikataza mbele ya fundi wa studio: "Acha hivyo hivyo! Hapo unapochelewa ndipo wimbo unapovuta pumzi." Unakumbuka? Kile chumba nyuma ya duka la mbolea, magodoro ukutani, sisi wawili tunapiga chafya zaidi kuliko tunavyopiga muziki. Nilikuwa natoka Mbeya na visahani vya dramu mapajani, konda ananiuliza kama naenda kupika kwenye harusi. Siku tuliyomaliza kurekodi ulininunulia ulanzi, pombe ya mianzi, ukasema hakuna bendi bila mimi. Nikakuamini. Ulanzi ulikuwa mtamu.

Kumbe ulikwenda nyumbani ukanifuta.

Kinachoniuma si kwamba hukupenda nilivyopiga. Watu wengi hawapendi, majirani zangu wanaongoza. Kinachoniuma ni kwamba nilikuja hospitali mara tatu. Nilikunyoa ndevu. Tuliongea habari za mpira, za mahindi ya mama yako, za muuguzi uliyedai anakupenda. Jumapili ile nilikuuliza waziwazi, "Albamu imefikia wapi?" Ukatazama dirishani, ukasema, "Inapendeza. Utashangaa."

Nimeshangaa.

Sasa Upendo anataka kuitoa siku ya kujengea kaburi lako. Ameniomba nimwandikie maneno ya kwenye jalada, nani alipiga nini. Hajui. Nikinyamaza, wasifu wako unakuwa ukweli, nami nitabaki yule mgeni aliyetoka mbali. Lakini kuna kitu hukukijua: fundi wa studio alinipa nakala ya rekodi zote kabla hujaanza kusafisha. Dramu zangu ninazo, pamoja na uchelewaji wake wote.

Siku nne nimejiuliza kama ni halali kumgusa marehemu kazi yake. Ningependa kukuuliza, ila huwezi kujibu. Na ulipokuwa unaweza, wewe hukuniuliza.

Kwa hiyo jana nimempigia Upendo, nikamweleza yote. Akasema, "Huyo ndiye kaka yangu kabisa." Akalia, akacheka, akaniambia niende na hiyo nakala. Ijumaa nakaa na fundi, tunazirudisha dramu mahali pake.

Zote isipokuwa za wimbo wa tano. Nimeusikiliza ule peke yangu mara nyingi, na kusema kweli pale nilivuruga. Hapo mashine yako ibaki, na jalada litasema hivyo: dramu, Festo. Kwenye nyimbo saba nyingine litasema Ambokile. Nakuahidi hakuna neno la uongo litakaloandikwa pale, kwa faida yangu wala yako.

Pumzika, ndugu yangu. Nitakuja kwenye kaburi kubeba mchanga na saruji kama wengine. Usitegemee niongee na wewe siku hiyo. Labda mwakani.

Ambokile