Mwaka Kilimia Kilipotukuta Bila Mbegu

Mjukuu wangu, mume wangu Hamisi,

Temeke hatujambo, mie magoti tu. Umeniuliza kwa nini Kilimia kikichomoza jioni naingia ndani.

Enzi za Mwingereza, kishada kile cha nyota kikionekana mashariki ndipo tulipolima. Mwaka mmoja wa njaa tulikuwa tumeshakula hata mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya mafiga. Baba akashika jembe hivyo hivyo.

“Utapanda nini?” mama akamuuliza.

“Kilimia kimetoka. Nalima.”

Akalima shamba zima. Wiki ile mdogo wangu Saidi akafariki, tukamzika pale pale shambani. Wachimbaji hawakuwa na nguvu, lakini udongo ulikuwa umeshalainika.

Ukikiona huko uliko, msomee Fatiha. Mie nitakuwa ndani.

Bibi yako